Lee Israel na barua 400 feki: sahihi zilipita, swali la msingi halikuulizwa

Kwa sisi tunaokusanya barua za waandishi zenye sahihi zao kuna kesi moja ambayo naona kila mtu aijue kabla hajatoa hela yake, kesi ya Lee Israel wa New York. Wengi wanaijua juujuu tu, kwamba kuna mama alifoji barua akakamatwa, basi. Ila ukiikalia ukaifuata hatua kwa hatua unaona barua zake hazikupita kwa sababu alikuwa bingwa wa ajabu wa kuiga sahihi, zilipita kwa sababu wanunuzi waliyapenda mno maneno yaliyokuwemo wakasahau kuuliza kitu kimoja: hii karatasi ilikuwa kwa nani kabla ya kufika hapa mezani?

Lee Israel alizaliwa 1939 Brooklyn, na kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya maisha ya watu maarufu. Cha mwigizaji Tallulah Bankhead kilitoka 1972, cha mwanahabari Dorothy Kilgallen kikatoka 1979 na hicho kilifanya vizuri sana, kikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times. Halafu 1985 akatoa cha Estée Lauder, yule wa vipodozi, na Lauder naye akatoa cha kwake mwenyewe kipindi hichohicho, wasomaji wakaenda kwa mwenye maisha yake, cha Lee kikaanguka. Kuanzia hapo mambo yakaenda yanabana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa hana kazi na hana hela.

Hii historia naiweka mbele makusudi. Huyu hakuwa kibaka wa barabarani aliyesikia kwamba barua za zamani zina pesa, alikuwa mtu aliyekaa miaka na miaka kwenye vyumba vya kusomea vya maktaba akifungua mafaili ya barua za marehemu, anajua fomu zinajazwaje, anajua mtafiti anaongea vipi na mkutubi, na muhimu kuliko yote alikuwa ameshajifunza kusikia sauti ya mtu kwenye maandishi, manake huwezi kuandika maisha ya mtu bila kusoma barua zake mpaka uanze kujua angejibu nini. Ujuzi uleule uliompa jina ndo uliogeuka kuwa kiwanda.

Ilianza na wizi mdogo. Paka wake aliumwa, hela ya daktari wa mifugo hakuwa nayo, akaenda kwenye ile maktaba ya sanaa za jukwaani ya New York Public Library pale Lincoln Center akachomoa barua kadhaa za mchekeshaji Fanny Brice. Akaziuza dola 40 moja. Zilikuwa barua halisi kabisa, ila za kawaida.

Hapo kuna jambo la soko inabidi nilieleze, manake bila hilo kesi nzima haieleweki. Barua ya mwandishi haipangiwi bei na sahihi peke yake. Chukua mwandishi mmoja, mashine ileile, mwaka uleule, barua mbili. Moja anasema "asante kwa kitabu, nitapita wiki ijayo", nyingine anamsema mtengeneza filamu fulani kwa maneno makali ya kuchekesha na kueleza kwa nini alikataa kuandika kitu. Sahihi ni moja lakini bei haziko karibu hata kidogo, ya pili inaweza kuwa mara kumi ya ile ya kwanza. Kila mkusanyaji analijua hili, na kila anayeuza analijua zaidi. Sasa mfikirie mtu mwenye njaa, kalamu nzuri na masikio makali anapoligundua hilo. Kama kinacholipwa ni maneno, yeye maneno anayo.

Akaanza kutengeneza. Aliandika kama Dorothy Parker yule mwandishi wa Marekani wa utani mkali, kama Noël Coward mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, kama Edna Ferber mwandishi wa riwaya, kama Lillian Hellman mwandishi wa tamthilia, kama Louise Brooks yule nyota wa filamu zisizo na sauti aliyekuja kuwa mwandishi mzuri uzeeni. Ziliishia kukadiriwa kuwa zaidi ya 400. Wote walikuwa marehemu, Parker alifariki 1967, Ferber 1968, Coward 1973, Hellman 1984, Brooks 1985, kwa hiyo hakuna ambaye angefufuka kusema sikuandika mimi. Na wote walikuwa watu ambao watu wanawapenda kwa ulimi wao, kwa jinsi walivyokuwa wanatema cheche. Hakuchagua waandishi wazito wa kimya ambao barua zao zinahitaji falsafa, alichagua wale ambao mistari miwili mitatu ya utani mkali inatosha kumfanya mnunuzi acheke na kutoa pochi.

Njia yake ilikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Alinunua mashine za taipu za zamani, kadhaa, ili kila mwandishi awe na ya kwake na herufi zifanane na za enzi zake. Karatasi kuukuu alizipata maktaba, zile kurasa tupu za mwishoni mwa majarida ya zamani. Sahihi alikuwa anazifuatisha juu ya mwanga, televisheni ya zamani imelazwa chali, kioo kinawaka, barua yenye sahihi halisi chini na karatasi yake juu, kalamu inapita palepale. Ndo hivyo tu, hakuna maabara.

Angalieni kitu kimoja ambacho binafsi naona watu wanakiruka. Barua zake zilikuwa za taipu. Anayefoji barua nzima ya mkono ana kazi ngumu mno, kila herufi ni mtego, jinsi t inavyokatwa, kalamu inavyonyanyuliwa, nafasi kati ya maneno, mkono unavyochoka ukifika chini ya ukurasa. Barua ya taipu inamwachia maneno mawili tu ya kuiga, jina la kwanza na la ukoo. Ndo maana ya mkono huwa ghali kuliko ya taipu, na ndo maana ukinunua ya taipu inabidi historia yake uikague mara mbili zaidi, manake ushahidi ulioko kwenye karatasi yenyewe ni mdogo. Wanunuzi wengi wanafanya kinyume, wanasema hii ya taipu ni bei ya chini, nikipigwa nimepigwa kidogo. Lee alikuwa anauza kwa bei za namna hiyohiyo, dola 50, dola 100, bei ambayo haimshtui mtu wala haimfanyi apige simu kuuliza, na kwa mwenye duka ni mzigo mzuri manake anajua akiuweka kwenye katalogi utaondoka kwa zaidi ya hapo.

Tujiulize vile vipimo tunavyovitegemea vingefanya nini mbele ya barua zake. Taa ya urujuanimno, ile inayofanya karatasi za kuanzia miaka ya 1950 ziwake buluu-nyeupe kwa sababu ya dawa za kung'arisha zilizoanza kuwekwa viwandani: hapo angepita, karatasi zake zilikuwa za zamani kweli. Herufi za mashine: kwa jicho la kawaida angepita, mashine zilikuwa za zamani kweli. Kipimo ambacho kingemsumbua ni cha sahihi, na sio kile cha kuangalia kama inafanana. Mtu akifuatisha sahihi juu ya mwanga inafanana kupita kiasi. Hakuna mwanadamu anayesaini mara mbili sawasawa kabisa, kwa hiyo ukikuta sahihi mbili za barua mbili tofauti zinalaliana mstari kwa mstari ujue angalau moja imenakiliwa. Halafu mstari uliofuatishwa unatembea polepole, unatetemeka kidogo, ncha zake butu badala ya kuchongoka kama za mtu aliyesaini huku anafikiria kitu kingine. Lakini kuyaona hayo unahitaji kuwa na barua kadhaa mbele yako kwa pamoja, na barua zake zilikuwa zimetawanyika, moja duka hili, mbili duka lile. Hakuna aliyeziona kumi mezani kwa wakati mmoja. Mawasiliano kati ya wauzaji ndo kingekuwa kipimo chenyewe, na hayo yalichelewa.

Kwa hiyo nini kilimwangusha? Kwanza maneno, yaleyale matamu yaliyomuuzia barua zake.

Noël Coward alikuwa shoga, hilo leo linajulikana na wote, lakini enzi zake Uingereza lilikuwa kosa la jinai mpaka 1967, na Coward alikuwa mtu mwangalifu sana kwenye karatasi. Alijua barua inaweza kuangukia mikono ya mtu mbaya, alijua magazeti, alijua polisi. Kwenye barua za Lee, Coward alikuwa anajiachia, anaongelea mapenzi yake waziwazi kwa furaha, kama vile msomaji wa 1991 angependa aongee. Mtu aliyezijua barua za Coward vizuri alizisoma akaona hapana, huyu siye, hangeandika hivi hata kwa rafiki wa karibu. Neno likasambaa na ghafla milango ikafungwa, maduka yaliyokuwa yananunua yakaacha kununua kwake.

Hapa nataka tukae kidogo. Kosa halikuwa la lugha wala la tarehe wala la wino. Alimpa Coward uhuru ambao Coward hakuwa nao. Sisi tunaokuja baadaye tunamtaka mwandishi atuambie siri zake, tunataka aseme kile alichokificha, na barua ya kughushi inatupa hichohicho. Barua halisi mara nyingi inachosha jamani. Inaongelea mabomba yaliyopasuka, hundi iliyochelewa, mafua. Mwandishi mkubwa anamwandikia wakala wake kuhusu asilimia. Ukipata barua fupi ambayo ni kama imeandikwa kwa ajili yako wewe utakayeisoma miaka 50 baadaye, kila sentensi inang'aa, hakuna hata mstari mmoja wa mambo ya kipuuzi ya siku hiyo, hapo ndo pa kuiweka chini na kuanza maswali. Najua inauma, manake hiyo ndo barua uliyokuwa unaiota.

Sasa awamu ya pili, ambayo kwangu ni mbaya mara nyingi zaidi ya ile ya kwanza, ingawa ukisikia watu wanasimulia kesi hii wanaipitia haraka.

Soko la feki lilipofungwa aligeukia orijino. Alikuwa anaingia kwenye maktaba na hifadhi za nyaraka kama mtafiti, anaomba faili, anaisoma barua, anarudi nyumbani kutengeneza kopi inayofanana nayo, halafu anarudi tena, kopi anaiacha kwenye faili na orijino anatoka nayo. Na kwa kuwa jina lake kwa wauzaji lilikuwa limeshachafuka, orijino zilikuwa zinapelekwa sokoni na rafiki yake, jamaa aliyekuwa ametoka jela muda si mrefu.

Muelewe uzito wake. Barua feki inayouzwa dukani inamuumiza aliyenunua, na msomaji anayeiamini. Lakini feki inayowekwa ndani ya faili la maktaba imewekwa kwenye kisima. Maktaba ndo mahali tunapokimbilia kulinganisha, ukiwa na shaka na sahihi unasema ngoja nikaangalie ile ya chuo, ile haina maneno. Mtu akishaigusa ile, kipimo chenyewe kimeharibika. Tena mwenye barua halisi iliyoibwa, aliyenunua kwa nia njema, anaonekana yeye ndo mwenye feki kwa sababu ya chuo "ipo kwenye faili". Mambo yanageuka juu chini.

Na ndicho kilichotokea karibu kabisa. Muuzaji mmoja wa New York alinunua kutoka kwa yule rafiki barua ya mwandishi wa riwaya Ernest Hemingway, kisha akaja kugundua kwamba barua hiyo inatakiwa iwe Columbia University. Kama angekuwa muuzaji wa kukaa kimya, auze tu apate faida yake, kesi ingeishia hapo. Yeye alifuatilia. Chuo wakaenda kwenye faili, wakakuta walichonacho ni nakala ya kughushi, na wakaenda kwenye rejista ya waliowahi kuomba faili lile, wakakuta jina la Lee Israel, kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyefuatisha sahihi za wengine karibu miaka miwili alinaswa na sahihi yake ya kweli kwenye daftari la maktaba.

FBI, yaani makachero wa serikali kuu ya Marekani, wakaingia. Kwa maelezo yake mwenyewe, makachero walimfuata akiwa mtaani Manhattan. Juni 1993 akakiri kosa mahakamani, kula njama ya kusafirisha mali ya wizi, akapewa miezi 6 ya kifungo cha nyumbani na miaka 5 ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Maktaba karibu zote zikampiga marufuku, na kwa mwandishi wa maisha ya watu hiyo ni sawa na kumkata mikono. Baadaye aliishi kwa kuhariri, 2008 akaandika kitabu akasimulia yote, na humo wala hafichi kwamba anazihesabu zile barua kuwa kazi yake bora kuliko zote. Alifariki Desemba 2014.

Angalieni alishtakiwa kwa lipi. Kilichomfikisha kwa FBI ni zile za wizi, wakati zile 400 za kutunga zilikuwa zimeshamwagika na zinaendelea na safari zake. Aliyeuziwa Parker feki kwa dola 200 wala hajui kama ameuziwa, na wauzaji wengine aibu inawafanya wasiseme. Mimi hii naiona ndo kidonda cha kesi nzima, kwamba sheria iliifuata karatasi iliyoibwa kwa sababu karatasi iliyoibwa ina mwenyewe, lakini sauti ya marehemu iliyoibwa haina wa kuidai.

Na ushahidi kwamba hazikufa upo. Mwaka 2007, yaani miaka 14 baada ya hukumu, kikatoka kitabu kikubwa cha barua za Noël Coward, kimehaririwa na mtu anayemjua Coward kweli, na ndani yake zikakutwa mbili ambazo mwandishi wake ni Lee Israel. Mbili ziliingia kwenye kitabu rasmi, zikachapwa na kusomwa kama maneno ya Coward. Ziliingiaje wakati kesi ilishakuwa ya wazi? Ziliingia kwa sababu zilikuwa nzuri. Mhariri ana mamia ya barua mezani, anatafuta zinazomwonyesha mtu wake akiwa kwenye ubora wake, na hizi mbili zilikuwa zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Nikirudi kwenye lile swali la nani alikuwa nayo. Tuseme siku ile dukani muuzaji angemuuliza Lee, mama, hizi barua za Parker umezipata wapi, ziliandikwa kwa nani, na yule aliyeandikiwa alimpa nani? Angeambiwa kitu kama ni za ndugu, au ni za mkusanyaji aliyefariki. Sawa, jina lake? Kuna karatasi yoyote, hati ya mirathi, risiti ya zamani, bahasha? Mama huyohuyo anawezaje kuwa na Parker, na Coward, na Ferber, na Hellman, wote wametoka kwa watu tofauti na wote wako kwenye mkoba mmoja? Kila jibu lingezaa swali jingine na uongo ungelazimika kukua mpaka uonekane. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hapa ilirefushwa na watu ambao hawakutaka kumsumbua mama mstaarabu anayeongea vizuri kuhusu vitabu.

Kwa upande wangu, kwa sababu ya kesi hii, barua inayosema "imetoka kwenye mkusanyo binafsi" bila jina wala karatasi naihesabu kama haina historia kabisa, hata kama cheti cha uhalisi kimeambatishwa, manake cheti ni maoni ya mtu aliyeiangalia sahihi na sahihi ndo sehemu ambayo Lee alikuwa ameimaliza kwenye kioo cha televisheni. Naangalia iliandikwa kwa nani, halafu natafuta barua za huyo mtu zimehifadhiwa wapi, manake kama karatasi zake zote ziko chuo fulani basi hii moja inafanya nini sokoni, iliachwa nje au ilitolewa? Nauliza chuo. Wakutubi wa nyaraka wanajibu, na wanashukuru ukiwauliza. Bahasha ikiwepo nasoma muhuri wa posta na anwani, barua ya Marekani ya 1950 yenye zile tarakimu tano za ZIP, yaani namba ya posta ya Marekani, kwenye anwani imejiumbua yenyewe, zilianza 1963. Naomba picha za sahihi nyingine za mwaka uleule nizilaze moja juu ya nyingine. Na kama ni Parker au Coward au Ferber au Hellman au Brooks, ya taipu, fupi, tamu, na safari yake inaanzia New York mwanzoni mwa miaka ya 1990 halafu nyuma ya hapo kimya, siinunui kwa bei yoyote, na namwambia anayeiuza kwa nini, kwa maandishi, ili naye asiweze kusema hakujua.